Mwili Ulikuwa Bado Unafagia

Kama unasoma haya ukiwa umelala na nguo za jana, na mtu wa nyumbani kwako amesimama mlangoni anauliza tena kama utakunywa chai, basi nimekuandikia wewe. Usiinuke. Soma hivyo hivyo ulivyolala. Mimi mwenyewe habari zote za mwaka ule nilizisikia nikiwa nimegeukia ukutani.

Naitwa Leokadia. Nimezaliwa Nyarubungo, wilaya ya Biharamulo, nikaolewa Murukulazo huku Ngara na Deogratias, mkulima wa migomba na kahawa. Deo ni mpole, anaongea kwa kupima. Mwenye mdomo ni mimi. Nilikuwa nauza maharage na ndizi pale Kabanga mpakani, na wateja wa kutoka ng'ambo, Burundi, walinijua kwa sauti kabla hawajaniona. Mama mkwe wangu alizoea kuwaambia watu kwamba mwanawe hakuoa mke, alioa redio. Kwa hiyo redio ilipozima, nyumba nzima ilishtuka.

Ilizima mvua za vuli zilipoanza, wakati wa kupanda maharage. Hakuna aliyekuwa amekufa. Hakuna aliyenidhulumu. Nasema hivi kwa sababu watu watakuuliza sababu, na usipokuwa nayo watakutafutia. Asubuhi moja nilishika jembe, nikaliangalia, nikaliweka chini. Kesho yake sikulishika kabisa. Chakula kikawa kama natafuna karatasi. Kitenge kikawa kinanizunguka mara mbili, na pete ya ndoa ikawa inadondoka kwenye beseni kila nikinawa, mpaka Deo akaizungushia uzi ili ibane. Usingizi ulikuja mchana na kunikimbia alfajiri. Wala sikuwa na huzuni kama unavyoijua. Huzuni ningeipokea, maana mtu mwenye huzuni analia. Mimi nilikuwa mtupu, na utupu huo ulikuwa mzito kuubeba.

Walinitibu malaria. Walinitibu taifodi. Mama mkwe akaona ni kazi ya mfanyabiashara mwenzangu wa Kabanga, akasema, "Huyo mwanamke amekufunga mdomo ili wateja wabaki kwake." Nikaombewa, nikapakwa mafuta, nikarudi kulala. Siku moja Deo, ambaye hajawahi kunipandishia sauti, alisimama katikati ya chumba akapiga kelele: "Leokadia, niambie nimekukosea nini!" Niligeukia ukutani. Akatoka, nikamsikia anapasua kuni ambazo zilikuwa zimekwisha kupasuliwa.

Mtoto wetu wa mwisho anaitwa Imelda. Wakubwa wake wawili wako bweni, kwa hiyo yeye ndiye aliyeyaona yote. Alikuwa na miaka mitano. Siku moja alikuja kitandani na sahani ya maharage mabichi aliyoyamwagia maji, akaniambia amenipikia. Nilimwangalia, nikaiangalia sahani, na moyoni hakukutikisika kitu. Kama umewahi kumwangalia mtoto wako hivyo, najua unavyojiona. Sivyo ulivyo. Ni ugonjwa.

Baada ya Krismasi, dada yangu Spesioza alikuja kutoka Nyarubungo. Yeye ni mkubwa wangu, na hakujaliwa mtoto. Alikaa pembeni ya kitanda changu na mfuko wa nguo za Imelda umekwisha kufungwa.

"Nakaa naye mpaka upone," alisema. "Lakini nikwambie mapema, mdogo wangu. Januari nyingine ikifika anaanza darasa la kwanza. Kama bado utakuwa hivi, nitamwandikisha kwetu, na akianza shule kwangu atamalizia kwangu. Sitamrusha huku na kule kama mpira."

Hakusema kwa ubaya. Alisema ukweli, na alikuwa anampenda mtoto. Imelda akapanda basi la kwenda Biharamulo bila kulia, na mimi nikabaki na mwaka mmoja.

Deo ndiye aliyenipeleka hospitali safari hii bila kumuuliza mtu. Kliniki ya afya ya akili ilikuwa mlango wa mwisho kwenye korido, jirani na chumba cha meno. Nikaona kwenye benchi la meno kuna mwanakwaya wa parokia yetu. Sikutaka anione nimekaa upande ule mwingine, kwa hiyo nikakaa kando yake nikashika shavu. Tukasikitikiana. Foleni ikasogea, na mimi nikasogea nayo, mpaka muuguzi akanishika mkono akaniingiza ndani na kuniambia nipanue mdomo. Daktari wa meno aligonga jino langu la nyuma na kachuma kake, akauliza, "Ni hili?" Deo, ambaye alikuwa amekwenda chooni, alinikuta nimeshaegeshwa kwenye kile kiti. Mpaka leo akitaka kunichokoza ananiuliza jino linaendeleaje.

Daktari wa mlango wa mwisho alikuwa mama wa Kisukuma, mcheshi, mwenye sauti ya sokoni kama yangu ya zamani. Aliniuliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza. Je, chakula kina ladha? Unaamka saa ngapi? Umewahi kutamani usiwepo? Hilo la mwisho nilimjibu kwa kichwa, kwamba ndiyo, na Deo akaangalia sakafu. Daktari hakushtuka. Aliniambia ugonjwa wangu unaitwa sonona, kwamba wengi wanao, kwamba unatibika, na kwamba fikra ile ya kutokuwepo ikija na nguvu nisibaki peke yangu, niseme kwa sauti kwa mtu aliye karibu. Akanipa vidonge vya kumeza kimoja kila asubuhi, baada ya kula. "Visikukatishe tamaa," alisema. "Vinachukua wiki kadhaa. Mwanzoni utapata kichefuchefu, utatetemeka mikono, utanitukana. Nitukane, lakini meza."

Nilimtukana. Nilimeza. Mikono ilitetemeka mpaka chai ikamwagika kwenye mkeka, na tumbo lilichafuka. Tuliporudi kwake mara ya pili nilimwambia kwamba hakuna kilichobadilika ila sasa natetemeka pia.

Alivua miwani akaniuliza kazi yangu ni nini. Nikamwambia, nalima migomba, au nilikuwa nalima.

"Kwetu ni pamba na mpunga," alisema. "Hebu nieleze. Mgomba unautunzaje?"

Nilidhani ananipima akili. Nikamweleza kwa uvivu. Unakata majani makavu. Unapunguza machipukizi, unabakiza mama, mtoto na mjukuu. Mgomba uliokwisha kuzaa unaukata, unapasua shina vipande vipande.

"Na hivyo vipande mnatupa wapi?"

"Hatutupi," nilisema, na nadhani hilo ndilo neno la kwanza nililolisema kwa hamu baada ya miezi. "Tunalaza palepale chini. Vinaoza, migomba mingine inakula."

Alipiga meza kwa kiganja. "Basi, mama, hicho ndicho kinachofanyika ndani yako! Mwili umejengwa kwa seli, vijumba vidogo ambavyo jicho halivioni. Na kila kijumba kinajisafisha chenyewe. Kinakusanya vilivyochakaa ndani yake, kinavivunjavunja, kinatumia vipande kutengeneza vipya. Hata kwenye ubongo. Sasa, wataalamu wanachunguza kama kwa watu wenye sonona usafi huo unazorota, na kama baadhi ya dawa zetu zinausaidia uamke. Hawajamaliza kuchunguza, sikudanganyi. Lakini mimi nikimwona mgonjwa anangoja wiki na wiki, huwa nafikiria kwamba shamba lililosongwa halisafishwi kwa asubuhi moja."

"Na kazi hiyo inafanyika hata sasa?" niliuliza. "Hata kwangu?"

"Hata sasa unapoongea na mimi."

Deo alikwenda dirisha la dawa, nikakaa kwenye benchi nje. Niliweka mkono juu ya goti nikauangalia. Ulikuwa umekonda, mishipa imetokeza, kucha chafu. Mkono ule nilikuwa nimeuacha. Sikuuosha vizuri, sikuupaka mafuta, sikuutakia heri yoyote. Na ndani yake, wakati wote huo, kulikuwa na ufagio unafanya kazi. Mimi nilikuwa nimejikatia tamaa. Mwili wangu haukuwa umeambiwa. Uliendelea kuokota, kuvunja, kujenga, pengine polepole, pengine kwa shida, lakini bila kunisubiri na bila kunilaumu. Nimesali tangu utotoni na nimesikia mahubiri mengi kuhusu maajabu. Hakuna lililowahi kuniinamisha kichwa kama lile la pale kwenye benchi, kati ya mtu mwenye kikohozi na mama anayenyonyesha. Machozi yakanitoka. Yalikuwa ya kwanza tangu nilipougua.

Sasa nikueleze tulivyoharibu, maana na nyinyi mnaweza kuharibu hivyo hivyo.

Nilirudi nyumbani na habari ile kama mtu aliyeokota dhahabu. Jumuiya yetu ndogo ya Kikristo iliposali kwangu, niliwasimulia kwa sauti yangu ndogo iliyobaki. Wakashangaa nao. Mwenyekiti wa jumuiya, mzee mwenye moyo safi kabisa, akasema amesikia redioni kwamba seli zinajisafisha zaidi mtu akikaa na njaa. Tukaangaliana. Ilikuwa wiki ya Jumatano ya Majivu. Kwaresima imeingia, kufunga kupo, mgonjwa yupo, na sayansi yenyewe imekubali! Wapi tena utapata ishara iliyo wazi hivyo? Jumuiya nzima ikaamua kufunga kwa ajili yangu Kwaresima yote, na mimi nifunge pamoja nao, nile mara moja tu jioni.

Nilifunga. Na kidonge? Kidonge kiliandikwa asubuhi baada ya kula. Asubuhi sili, basi sina "baada ya kula." Tukakubaliana kwamba kikae kwanza mpaka Pasaka, maana kazi yake sasa inafanywa na mfungo. Hakuna aliyeniambia hivyo kwa ubaya. Walikuwa wanashinda na njaa wenyewe, watu wanaolima kutwa, kwa ajili ya mwanamke ambaye hata salamu zao alikuwa haitikii vizuri. Nikiukumbuka upendo ule, bado unanishinda.

Ijumaa huwa tunafanya Njia ya Msalaba kwa kutembea, kituo kimoja nyumba hii, kingine nyumba ile, tukipita katikati ya migomba. Wiki ya tatu ya mfungo kichwa kilikuwa kinazunguka tangu asubuhi, na ule utupu wa zamani ulikuwa umerudi na ndugu zake. Tulifika kituo cha tatu. Msomaji akasoma: Yesu anaanguka mara ya kwanza. Na mimi nikaanguka.

Kumbe watu walidhani ni ibada. Wawili wakapiga magoti kando yangu. Mmoja akaanza wimbo, wengine wakaupokea, na kwa mbali nikawa nausikia unapanda vizuri kabisa huku uso wangu uko kwenye majani makavu. Ndipo nikasikia sauti ya mama mkwe wangu inapasua ule wimbo katikati.

"Nyamazeni! Huyu haabudu, huyu ana njaa!"

Alinigeuza, akanifuta uso kwa kitenge chake. "Mwenyekiti, shikamoo yako nimeshakupa asubuhi, sasa nisikilize. Nani alikwambia mgonjwa anafunga? Padri anatangaza kila mwaka, wagonjwa na wajawazito wasifunge, na nyinyi mmekaa mnaitikia! Mtoto amebaki mifupa, mnataka seli zisafishe nini tena? Deo! Beba mkeo. Mimi natangulia kupika uji, huyu anahitaji chakula."

Nilikunywa uji ule kichwa changu kikiwa mapajani pake. Yule yule aliyesema nimerogwa alikuwa ananipulizia kijiko. Mwenyekiti alikaa nje kwenye gogo, kofia mkononi, hakutaka kuondoka.

Kesho yake Deo alinirudisha kwa daktari. Yule mama alisikiliza mpaka mwisho, akafunika uso kwa mikono miwili, sikujua kama analia au anacheka. "Kosa ni langu nusu," alisema. "Nimekupa hadithi nusu. Hayo mambo ya njaa na seli bado yanachunguzwa, si tiba ya mtu aliyekonda kama wewe. Shamba linahitaji kupaliliwa, sawa, lakini linahitaji na mvua. Kula. Na dawa usiiache ghafla bila kuniuliza, hata kama malaika ndiye amekushauri." Tukaanza upya, kidonge kimoja, baada ya kula, na wiki zile kadhaa zikaanza kuhesabiwa tena toka mwanzo.

Nakuandikia hili kwa mkazo: kuanza upya kuliniuma kuliko kuanza. Niliona mwaka unaniponyoka na Imelda anakwenda nao. Pasaka ikapita, nimelala. Maharage yakavunwa, nimelala, ingawa sasa nilikuwa nalala sebuleni, na daktari aliposikia hivyo alifurahi kuliko mimi.

Kisha, kiangazi kilipoanza na kahawa inaiva, tulikuwa tunakula mchana. Mama mkwe ndiye aliyepika. Nikatia tonge mdomoni, nikatafuna, nikasema: "Chumvi imezidi."

Wote wakasimamisha mikono hewani.

"Umesemaje?" mama mkwe aliuliza.

"Nimesema chumvi imezidi, mama. Na maharage hayajaiva."

Mwanamke yule nimeishi naye miaka mingi na sijawahi kumkosoa mapishi nikabaki salama. Aliweka sahani chini akaanza kulia kwa furaha, na Deo akacheka mpaka akapaliwa. Mimi nilikuwa sisikii kelele zao. Nilikuwa nasikia chumvi. Ilikuwa imerudi, na sikuwa nimefanya lolote kuirudisha, zaidi ya kumeza kidonge na kula nilichopewa. Nililamba vidole kimoja kimoja. Nilitamani kumshukuru mtu, na sikujua nianze na nani.

Baada ya hapo vitu vilirudi kimoja kimoja, bila mpangilio. Usingizi wa alfajiri. Hamu ya kuoga. Siku moja nilijikuta nimesimama shambani nakata majani makavu, na nilipogundua ninachofanya nilikuwa nimekwisha kumaliza mstari mzima. Kuna siku zilirudi nyuma pia, nikageukia ukuta. Lakini hata siku hizo nilijua kwamba ndani kunafagiliwa, na nilikaa kimya kama mtu aliye kanisani.

Likizo ya katikati ya mwaka, Spesioza alimleta Imelda atusalimie. Alikuwa amerefuka. Alisimama mbali kidogo, mikono nyuma, akainama: "Shikamoo." Kwa adabu kabisa, kama anavyosalimiwa mgeni. Nikaitikia marahaba. Usiku huo alilala na Spesioza, na walipoondoka alinipungia mkono kwa ustaarabu uleule. Sikurudi kulala. Nilikwenda kliniki tarehe iliyofuata, na iliyofuata, na iliyofuata.

Desemba, kahawa ikiwa imeshauzwa na mvua zimeshika, nilipanda basi Kabanga peke yangu kwenda Nyarubungo. Nilimkuta Spesioza amekwisha kushona sare ya shule. Ilikuwa imetundikwa ukutani kwenye msumari, shati jeupe na sketi ya bluu, imenyooshwa kwa pasi. Aliniangalia toka kichwani hadi miguuni, akaangalia pete yangu inavyokaa kidoleni bila uzi.

"Umepona," alisema, na sauti yake ilikuwa ya furaha na ya msiba kwa pamoja.

"Naendelea kupona. Bado nameza dawa."

"Sitamzuia," alisema. "Lakini sitamsukuma pia. Muulize mwenyewe."

Imelda alikuwa amekaa kizingitini anapukuchua mahindi. Nikakaa chini kando yake, nikachukua hindi na mimi, tukapukuchua. Sikujua niseme nini, mimi mwenye mdomo. Nikaona goti lake lina kidonda kilichokauka, kigaga kikubwa cheusi, na pembeni kigaga kimeanza kubanduka, ngozi mpya imeonekana chini, laini na nyangavu. Nilikiangalia mpaka macho yakaniuma.

"Kiliuma?" niliuliza.

"Sana. Nilianguka njia ya kisimani. Kilitoa damu." Alinyoosha mguu nione vizuri. "Sasa kinapona chenyewe. Mama mkubwa anasema nisikichokonoe."

"Asante kwa kunionyesha."

Akapukuchua mstari mmoja wa mahindi. Kisha, bila kuniangalia: "Na wewe umepona?"

Ningeweza kumwambia ndiyo. Nilitamani sana.

"Napona," nilisema. "Siku nyingi niko vizuri. Siku nyingine naweza kulala tena mchana kutwa. Ikitokea, baba atanipeleka kwa daktari, na wewe usiogope, maana ndani yangu kunakuwa kunaendelea kupona hata nikiwa nimelala. Kama hicho cha gotini."

Alilifikiria jambo hilo kwa makini, uso umekunjamana. Nyuma yetu nilisikia Spesioza anatoa sare kwenye msumari, anaikunja polepole. Sare ni ileile, Nyarubungo na Murukulazo.

"Basi na wewe usikichokonoe," Imelda alisema.

Akainuka, akakung'uta punje kwenye gauni, akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amevaa kandambili, akauliza basi linapita saa ngapi.